Zamu Ambayo Haikuandikwa

Asubuhi ile mjane wa zimamoto alikuwa anashona vifungo vya sare ya shule ya bintiye. Sindano ilimchoma mara mbili. Tangu mumewe afe, hakuwa na utulivu. Akikaa, anasimama. Akisimama, anasahau alichoinukia.

Mumewe alikuwa mrefu, kikosini wakamwita Ngazi. Ghala la magodoro liliposhika moto, aliingia ndani kumtafuta mlinzi. Mlinzi alitoka mzima. Ngazi hakutoka.

Mlango ukagongwa. Tarishi wa kikosi akampa barua, akaondoka mbio kama kaiba kitu. Binti akaisoma.

"'Marehemu hakuwa zamuni siku ya tukio. Familia haistahili mafao ya kifo kazini. Nyumba ya kikosi irudishwe mwisho wa mwezi.'"

"Hakuwa zamuni?" mama akasema. "Sasa kule motoni alikwenda kutembea?"

Binti akaikunja barua. Macho yake yalikuwa kwenye rafu. Pale palikuwa na hotpoti nyekundu, iliyorudishwa pamoja na vitu vya baba. Haikuwa yao.

Mama naye akaitazama. Akaiweka sindano chini.

Kikosini walikuwa na mtindo wao. Mtu akiombwa kushika zamu ya mwenzake, huletewa chakula na huyo mwenzake. Hawaandiki popote wala hawamwambii mkuu. "Hotpoti ndiyo saini yetu," Ngazi alikuwa akitania. Na hotpoti hii ilikuwa ya Pacha. Pacha na Ngazi walianza kazi siku moja, wakawa chanda na pete. Siku ya moto, Pacha alikuwa harusini kwa dada yake.

Mjane akajifunga mtandio, akaenda ofisini kwa karani wa ustawi wa kikosi. Karani alikuwa mwanamke wa sauti nene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Kaa kwanza, mama."

"Nikikaa nitalia. Niambie nikiwa nimesimama."

"Haya. Siku ile daftari la zamu lina jina la Pacha. Kanuni yetu inatazama daftari. Haimtazami aliyeungua."

"Lakini wenzake wote walimwona!"

"Walimwona, ndiyo. Nani kaandika? Kubadilishana zamu kimyakimya ni kosa, kila mtu anaogopa adhabu. Miaka mitatu naomba kanuni hii ibadilishwe. Naambiwa nilete mfano wenye maandishi."

"Basi mfano ndio huu. Nifanye nini?"

"Kata rufaa. Unaruhusiwa siku tisini tangu kifo. Zimebaki sita. Maneno matupu hayatoshi, lete karatasi. Cheti cha daktari unacho. Wenzake wawili waandike walichoona. Na Pacha aandike kwamba alimwachia mumeo zamu. Halafu sikiliza: kila unachokabidhi, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Makabati ya hapa yana njaa, yanameza."

Mjane akataka kucheka, akamkumbuka Pacha.

"Pacha akiandika, ataadhibiwa?"

Karani akaishika miwani. "Sitakudanganya. Ataadhibiwa."

Wenzake wawili wa Ngazi waliandika siku ya pili. Pacha hakupokea simu. Siku ya nne mjane akaibeba hotpoti, akaenda kwake. Mke wa Pacha akasimama katikati ya mlango.

"Hayupo, shoga yangu."

Viatu vya Pacha vilikuwa hapo hapo kizingitini.

"Kaondoka peku?"

Mke wa Pacha akainamisha macho. Mjane akaiweka hotpoti chini, kando ya viatu. Mke wa Pacha alipoiona akaziba mdomo. Chakula cha zamu ile alikipika mwenyewe.

Mjane akapaza sauti kuelekea pazia. "Shemeji! Sikuja kukulaumu. Harusi ya dada yako ulikuwa na haki nayo. Ngazi alikubali mwenyewe, na kwa ulafi wake angekubali hata bila kuombwa. Lakini leo wanasema hakuwepo. Wewe unajua alikuwa wapi."

Pazia likasogea. Pacha akatoka, amekonda, shati lake lingewatosha watu wawili.

"Shemeji, ule ulikuwa moto wangu mimi."

"Andika hivyo hivyo."

"Nina watoto watatu."

"Mimi nina mmoja. Mwisho wa mwezi hana pa kulala."

Pacha akamtazama mkewe. Mkewe akafuta machozi kwa kiganja, akaenda kuleta kalamu.

Aliandika nusu ukurasa. Alipomaliza, akaisukuma hotpoti kwa mguu, taratibu. "Rudi nayo, shemeji. Siwezi kuitazama."

Rufaa ikafika ikiwa imebaki siku moja. Ikakubaliwa. Mjane akabaki kwenye nyumba, na mafao yakatosha kumsomesha binti mpaka amalize.

Karani hakuishia hapo. Alilichukua faili lile, akaingia nalo kwenye kamati ya kanuni, akawasomea ile nusu ukurasa ya Pacha. Miezi miwili baadaye kanuni ikabadilika. Anayekufa akifanya kazi ya kikosi amefia kazini, daftari liseme lisiseme. Familia haitolewi nyumbani mpaka rufaa iamuliwe. Na daftari likaongezewa safu ya kubadilishana zamu: wawili wanatia saini, mkuu anagonga muhuri, haadhibiwi mtu.

Tangu hapo mjane hupita nyumba hadi nyumba kwenye kotazi, zile nyumba za kikosi. "Mumeo kashika zamu ya nani leo?" huuliza. "Kaandika?" Wanamtania kwamba kawa mkuu wa kikosi. Lakini wanauliza waume zao.

Kanuni mpya haikurudi nyuma kufuta adhabu iliyokwisha kutolewa. Pacha alishavuliwa cheo na kuhamishiwa kituo cha mbali, na familia yake ikamfuata.

Jana mjane aliiosha hotpoti, akaikausha, akaipindua, akaiosha tena. Kisha akamwambia binti aandike meseji.

"'Shemeji, tumebaki kwenye nyumba. Hotpoti yenu ninayo. Chombo chenu hakirudi kitupu. Nikisikia mko njiani, naijaza.' Tuma."

Binti akatuma. Wakangoja.

"Ameisoma, mama."

"Amejibu?"

"Bado."

Mama akasimama. Akakaa. Akasimama tena.