Maandishi Chini ya Rangi ya Koolewong

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Glenys Tansley aliingia ndani ya boti yake, Koolewong, kufungua madirisha kabla mnunuzi hajafika, akakuta ukuta wa chumba cha mbele umekatwa. Vipande vinne vya mbao vilikuwa vimeng'olewa kwa patasi na kuchukuliwa. Redio ilikuwepo. Dira ilikuwepo.

Sajini Thelma Kuhlmann wa polisi wa majini alifika gatini saa moja kasoro robo, akavua viatu bila kuambiwa, akaingia.

"Kufuli la mlango?"

"Zima. Amepitia mlango wa dharura, ule wa tumboni mwa boti."

Mlango huo Glenys aliuweka baada ya mwaka 1993, boti hiyo ya matumbo matatu ilipopinduka kwenye mbio za matanga za kwenda Nouméa na mumewe, Merv, akapotea. Mwenzake, Ross Hallam, aliokolewa akielea kwenye boya la mpira. Aliapa kwamba Merv hakujifunga mkanda wa usalama, bahari ikamchukua papo hapo. Siku kumi na moja baadaye boti ilipatikana tupu, ikavutwa hadi Brisbane, ikapakwa rangi ndani na nje. Tangu hapo, kwenye klabu ya matanga Merv ni mzembe aliyejiua mwenyewe.

"Jana mkaguzi wa mnunuzi alikwangua rangi kidogo," Glenys alisema. "Jioni akatangazia baa nzima ya klabu kwamba kuna maandishi ya penseli chini yake, leo analeta dawa ya kuiyeyusha. Thelma, kama ni ya Merv, nayataka."

Mnunuzi, Darrell Voigt, alikuja saa mbili. Garini mwake mlikuwa na patasi tatu.

"Ulitaka upunguziwe bei," Sajini alisema.

"Nani hataki, mama?"

"Na patasi?"

"Mimi seremala! Ulitegemea nibebe vijiko?"

"Mkaguzi alikwangua wapi?"

"Chini kabisa, nyuma ya sanduku la matanga. Nilimshikia tochi, kisha tukalirudisha sanduku."

Sajini alipima matundu. Yote manne yalikuwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Sanduku halikuguswa. Alipolisogeza, mkwaruzo ulikuwepo, sentimita thelathini juu ya sakafu, na herufi zake zimegeuka kichwa chini.

"Wewe ulijua mahali," alimwambia Darrell. "Mwizi hakujua. Glenys, huo mlango wa tumboni nani aliyekuwekea?"

"Ross."

Ross alikuja saa tatu na nusu, na kahawa mbili, mkaguzi akiwa ameshaiyeyusha rangi nyuma ya sanduku.

"Pole, shemeji. Wahuni hawa."

"Kaa, bwana Ross," Sajini alisema. "Boti ikipinduka, dari inakuwa sakafu. Aliyenaswa ndani anasimama darini, na anapoandika usawa wa macho yake, maandishi leo tunayaona chini. Mwizi alitafuta juu, kama ukuta wa nyumbani."

"Maandishi gani? Merv hakuwa ndani. Nimeapa."

"Mkaguzi ameshayasafisha. Aliandika kwa siku nzima, Ross."

"Siku nzima wapi! Kugonga kulikoma kabla sijaondoka!"

Kahawa ilimwagika gotini kwake. Hakuifuta.

"Mimi sijataja kugonga," Sajini alisema.

Ross alimtazama Glenys. "Boya lilikuwa linapasuka kwa kusuguana na nguzo ya boti. Nikakata kamba iliyolifunga kwenye boti. Nilidhani amekwisha, shemeji."

"Usiniite shemeji. Ulidhani, au ulitaka?"

"Niliogopa. Halafu klabuni wakanipa kikombe cha heshima, wakaniita shujaa. Ningeanzia wapi?"

"Mbao ziko wapi?" Sajini aliuliza.

"Stoo kwangu. Hazina kitu."

Sajini alimtoa nje. Darrell alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Boti nitaichukua na matundu yake," alisema. "Ubao huo ni wako, mama. Nitaukata taratibu."

"Ngoja kwanza."

Glenys, mwenye miaka sabini na miwili, alilala chali sakafuni, akasukuma kichwa mpaka kikagusa ukuta, akatazama juu. Sasa herufi zilisimama wima, pamoja na saa, kama Merv alivyokuwa akiandika kila kitu.

2.40 usiku, nagonga. Ross anajibu.
3.15 usiku, kamba imekatwa.
1.00 asubuhi. Maji yamefika kifuani. Napiga mbizi nitoke.
Glenys, mkanda nilifunga.