Tovuti ya Tove

Kila akitoka shule, Tove Halvorsen alivua mabuti yenye theluji mlangoni na kukimbilia kompyuta ya jikoni kutazama nani amejiandikisha. Wiki hiyo hakutulia hata kidogo. Timu ya wasichana ya hoki ya barafuni ilipungukiwa mchezaji mmoja, na kama Ijumaa ingefika bila kumpata, ingevunjwa. Tovuti ya usajili aliitengeneza yeye mwenyewe, akaionea fahari mno: picha zinazozunguka, vitufe vya kila rangi, historia ya timu tangu enzi za bibi yake. Lakini majina hayakuongezeka.

“Watu wavivu tu,” alinung’unika. “Kila kitu kipo pale.”

Shangazi yake Solveig, aliyefundisha walimu namna watoto wanavyojifunza, hakubishana naye. Alimwita jirani yao, Mama Kalia, ambaye binti yake alitamani sana kucheza, akamwomba amsajili binti huyo papo hapo kwenye kompyuta. Tove akapewa sharti: akae nyuma, mdomo aufunge.

Yalikuwa mateso. Mama Kalia alibofya picha, ikageuka. Akaingia kwenye historia, akatoka, akaangukia ratiba ya mwaka jana. Tove aliikalia mikono yake isije ikanyoosha kidole. Kitufe cha kusajili kilikuwa chini kabisa, kimeandikwa “Ingia Katika Familia ya Barafu”.

Mwishowe Mama Kalia alisukuma kiti nyuma. “Nisamehe, mwanangu. Kichwa changu kizito kwa mambo haya. Kalia atacheza mwakani.”

Akaenda zake. Tove aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama wa watu hakukosea lolote, na bado ndiye aliyeomba radhi.

“Akili hubeba vitu vichache kwa mara moja,” shangazi alimwambia, “na mtu hujifunza jipya akianzia kwenye analolijua. Yeye alikuja na swali moja tu: namsajili wapi mwanangu? Umemjibu mengine yote.”

Jioni nzima Tove alifuta. Kila picha iliyoondoka ilimuuma. Juu kabisa akaandika: Msajili binti yako hapa.

Kesho yake wakamwita tena Mama Kalia. Kahawa haijapoa, jina la Kalia lilikuwa limeingia, na ndilo lililokamilisha timu.

“Kumbe naweza,” alisema Mama Kalia akicheka.

Tove alifungua mdomo aeleze alivyohangaika, shangazi akamfinya chini ya meza.

“Mbona ulinizuia?” alilalama mgeni alipoondoka. “Kazi nimefanya mimi.”

“Umeifanya, tena vizuri. Lakini jana alitoka hapa akijiona mjinga, leo ametoka akijiona ana akili. Ukimfanyia mtu kazi, yeye kujiona anaweza ndiyo sifa yako. Usimnyang’anye furaha hiyo.”