Meno Kumi na Saba

Siku ya soko, Isiolo ya mwaka wa 1979 ilikuwa haipitiki. Mbuzi walifungwa kwenye nguzo za maduka, malori ya kwenda Marsabit yalipiga honi bila sababu, na akina mama wa miraa waliwaita wateja wao kwa majina kutoka upande wa pili wa barabara. Katikati ya fujo hiyo kijana mmoja aliisukuma pikipiki ya serikali, ya rangi ya buluu, mpaka mbele ya duka la spea la Mzee Umuro. Akaingia ndani akiwa amejaa vumbi kutoka nyusi hadi viatu.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam," alijibu msichana nyuma ya kaunta bila kuinua macho. Alikuwa akipanga plagi kwenye rafu.

"Nataka cheni."

"Ya pikipiki ama ya kufunga mbuzi?"

Kijana akacheka, na hapo ndipo msichana akamtazama. Jina lake Abiba, binti ya mwenye duka. Alikuwa amevaa dira ya kijani yenye maua meupe na shali ya manjano iliyopenda kuteleza begani. Vidole vyake vilikuwa na hina, na juu ya hina kulikuwa na weusi wa grisi ambao sabuni ilikuwa imeshindwa nao.

Alitoka nje, akachutama kando ya pikipiki, akapitisha kidole kwenye gurudumu la nyuma.

"Cheni yako haina neno," alisema. "Meno yako ndiyo yameisha."

Kijana akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Si hayo, bwana! Ya sproketi!" Akamwonyesha kile chuma cha mviringo kinachozungushwa na cheni, meno yake yamelika mpaka yakawa yamejikunja kama miiba. "Unaona? Ukiweka cheni mpya hapa, mwezi mmoja utaniletea tena."

"Basi wacha niweke cheni mpya," alisema kijana. "Nipate sababu ya kurudi."

Abiba alivuta shali yake, akaingia dukani haraka, ili asionekane akitabasamu.

Kijana aliitwa Doyo. Kwao ni Korbesa, lakini kazi yake ya udaktari wa mifugo, ile ya cheo cha chini, ilimweka Garbatulla. Alizunguka manyatta kwa pikipiki akichanja ng'ombe. Baada ya siku ile, kila alipopata nafasi Ijumaa, alishika barabara ya Isiolo. Njia ilikuwa ya mawe na mchanga, na pikipiki yake ilikuwa na nguvu ya punda na mwendo wa punda. Akifika, jua limekwisha inama. Wanakaa nusu saa dukani, Mzee Umuro akisoma gazeti lake la juzi na kukohoa kila wanaponyamaza, halafu Doyo anaaga.

Katikati ya wiki kulikuwa na simu. Doyo alipiga kutoka ofisi ya D.O., afisa wa tarafa, na mtu wa posta ya Isiolo akawaunganisha.

"Roho yangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula vumbi tu. Nimekumiss mpaka ng'ombe wananionea huruma."

"Ng'ombe gani? Hao unaowadunga sindano? Hao wanakuchukia!"

"Dakika tatu zimeisha," sauti ya mtu wa posta ikaingia. "Lakini malizeni."

Wazo la kubadilisha sproketi lilitoka kwa Abiba. Tangu alipomaliza darasa la saba alikuwa dukani, na alijua meno ya kila sproketi kama wenzake walivyojua bei ya sukari.

"Ya mbele ina meno kumi na tano," alimwambia Doyo Ijumaa moja. "Nikikupa ya kumi na saba, injini ikizunguka vilevile, gurudumu litaenda mbali zaidi. Utafika hapa kabla ya alasiri."

Wakaenda kwa M'Ikiara, fundi mwenye karakana pembeni ya duka. Mzee huyo wa Kimeru aliipima ile sproketi mkononi, akatikisa kichwa.

"Itakuwa na mbio," alisema, "lakini haitakuwa na nguvu. Kwa barabara ngumu utapepea. Kwa mchanga, na mzigo nyuma, hata gia ya kwanza itakufa. Siku ya kubeba mzigo, kuja nikurudishie ya kumi na tano. Ni kazi ya saa moja. Umenisikia, kijana?"

"Nimesikia, mzee."

M'Ikiara akaongeza pingili moja ya cheni, akakaza nati. Na kweli, kuanzia wiki ile Doyo alifika kabla ya alasiri, macho mekundu kwa upepo, akicheka. Nusu saa ikawa saa mbili. Katika saa hizo mbili mapenzi yao yalikua, mpaka Mzee Umuro akachoka kukohoa.

Mwezi wa tisa, Doyo aliitwa Isiolo kuchukua chanjo ya ugonjwa wa mapafu. Ng'ombe walikuwa wameanza kufa upande wa kaskazini, na watu wa Kulamawe, kijiji kilicho njiani kwenda Garbatulla, waliambiwa wakusanye mifugo yao. Alipewa masanduku mawili ya baridi yaliyojaa barafu, akayafunga nyuma ya pikipiki, akaja moja kwa moja kwa M'Ikiara kubadilisha sproketi kama alivyoahidi.

Abiba alikuwa amesimama mlangoni mwa duka. Baba yake alikuwa ameenda Meru. Chai ilikuwa tayari, na chapati chini ya kitambaa.

"Una saa moja tu?" aliuliza.

"Moja tu. Barafu haingoji."

"Ukimpa M'Ikiara hiyo saa, mimi sitakuona mpaka mwisho wa mwezi." Akashika mkono wa shati lake. "Pita polepole kwa mchanga. Sproketi utabadilisha ukirudi."

Doyo hakuhitaji kubembelezwa. Alikaa, akanywa chai, akala chapati tatu, na wote wawili walikuwa na furaha.

Saa sita mchana, karibu na Kulamawe, alifika kwenye laga, mto mkavu uliojaa mchanga mtupu. Aliingia kwa gia ya pili, injini ikazima. Akaweka ya kwanza. Gurudumu likachimba shimo, na harufu ya klachi iliyoungua ikampanda puani. Alifungua kamba za masanduku, akayaweka chini, akaisukuma pikipiki hatua kwa hatua. Hapakuwa na mti. Alipoifikisha ng'ambo, klachi ilikuwa imekwisha kabisa. Alivua shati, akalifunika juu ya masanduku, akakaa kando yake na kungoja. Lori la kwanza lilipita alasiri, likambeba mpaka Kulamawe.

Alipofungua masanduku jioni, barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Doyo alikuwa amefundishwa: chanjo ile ikishapata joto, ni maji tu.

Asubuhi iliyofuata aliwakuta watu wamejaa pale Kulamawe. Wengine walikuwa wametembea siku tatu na mifugo yao. Alikuwapo Gababo, mtu mzima mwenye watoto watano, aliyechunga ng'ombe wa Mzee Umuro kwa miaka kumi na miwili. Alikuwapo Kabale, mjane mwenye ng'ombe wanne, na kila mmoja alimwita kwa jina lake. Kabale ndiye aliyemletea Doyo maziwa.

"Kunywa, mwanangu. Umetuhangaikia."

Angeweza kusema pale pale kwamba dawa imeharibika. Lakini wangeuliza imeharibikaje, na jibu lilikuwa chai na chapati. Alikunywa maziwa yale, akashika sindano, akadunga mpaka jioni. Alidunga maji.

"Safari ilikuwaje, mpenzi?" Abiba aliuliza kwenye simu.

"Salama," alijibu Doyo.

Baada ya hapo simu zake zikapungua, kisha zikakatika. Ijumaa zikapita. Kila Abiba alipopiga, karani wa D.O. alisema Doyo ametoka. Abiba alisikia kuwa Garbatulla kumekuja mwalimu mpya wa kike, mrefu, mwenye miwani. Akaamini kwamba huyo ndiye sababu. Alilia akipanga plagi, akaapa kumsahau, na kesho yake akapiga tena.

Ukweli ni kwamba Doyo alikuwa ndani ya ofisi ile mara zote, akimtikisia karani kichwa. Alikuwa amesikia ng'ombe wa Kulamawe wanakohoa. Sauti ya Abiba ilimkumbusha saa ile moja, na hakuweza kuisikia.

Kisha siku moja Mzee Umuro alirudi kutoka Kulamawe, akakaa kwenye gunia la mchele bila kuvua viatu.

"Ng'ombe kumi na tisa," alisema. "Na wa watu wengine sijui wangapi. Yule mjane Kabale hana hata mmoja."

"Si walichanjwa, Abba?"

"Walichanjwa. Gababo aliambiwa awatenge wiki tatu, dawa ishike. Hakuwatenga, aliwanywesha maji pamoja na ng'ombe wa wageni. Anaapa kwamba aliwatenga, lakini mimi si mtoto. Nimemfukuza."

Abiba aliketi. Alikumbuka siku ile, alikumbuka masanduku, alikumbuka mkono wake kwenye shati la Doyo. Alinyanyua simu mbele ya baba yake aliyekwisha sinzia pale kwenye gunia.

"Mwambie ni habari ya ng'ombe wa Kulamawe," alimwambia karani. "Akisema ametoka, nakuja huko mwenyewe."

Simu ikabadilisha mikono. Kisha pumzi ya mtu.

"Abiba."

"Pikipiki ilikwama?"

"Ilikwama."

"Na dawa?"

"Ilipata joto. Nilijua, Abiba. Nilijua na nikawadunga. Niliona aibu mbele ya watu, nikawadunga hivyo hivyo."

"Mimi nilidhani una mwanamke."

"Afadhali ningekuwa na mwanamke."

"Gababo amefukuzwa. Abba anasema ni kosa lake."

Doyo hakujua hilo. Mtu wa posta, ambaye dakika zake tatu zilipita zamani, hakuwakatiza.

"Nitaenda Kulamawe kesho," Doyo alisema mwishowe. "Nitawaambia."

Abiba aliweka simu chini. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemtaja wala ambaye angemtaja. Asubuhi, baba yake akinywa chai, alimweleza yote: sproketi, onyo la M'Ikiara, chapati. Mzee Umuro alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alirudisha kikombe kwenye sinia, akaenda kuwasha lori lake.

Walipofika Kulamawe, watu walikuwa wameketi kivulini mwa ukuta wa duka, na Doyo amesimama juani mbele yao. Alikuwa amekonda. Shati lake la kazi lilimning'inia.

"...nilichelewa kwa uzembe wangu," alikuwa akisema. "Sikutengeneza pikipiki kama nilivyoambiwa. Dawa iliharibika, nami nilijua. Gababo hana kosa. Ni mimi peke yangu."

"Si yeye peke yake," alisema Abiba.

Watu waligeuka. Alipita katikati yao, shali imeanguka begani na hakuishughulikia, akasimama kando ya Doyo.

"Abiba, nyamaza," Doyo alinong'ona. "Rudi garini."

"Ile sproketi nilimchagulia mimi. Ile saa ya kuibadilisha nilimnyima mimi. Nilitaka akae nami." Akamgeukia yule mjane. "Mama Kabale, nilitaka akae nami, basi."

Kabale alimtazama. Kisha akatazama chini, akaanza kuchora mchangani kwa kidole, mistari minne.

Mzee Umuro alimwendea Gababo aliyekuwa ameketi pembeni kabisa.

"Rudi kazini," alimwambia. "Nilikukosea."

"Miaka kumi na miwili, mzee," alisema Gababo. "Niliapa mbele yako, na hukuniuliza mara ya pili." Aliinuka, akakung'uta kikoi chake, akaondoka zake. Hakurudi.

Doyo alifutwa kazi kabla ya mwaka kwisha. Jamaa zake wa Korbesa walitoa mitamba ya kuwafidia waliopoteza, Mzee Umuro naye akatoa sehemu yake bila kuulizwa, na bado haikutosha. M'Ikiara alimchukua Doyo karakanani. Kwa miezi minane Doyo na Abiba walifanya kazi ukuta kwa ukuta. Doyo alikuja kuchukua spea, akasema namba, akapewa, akaondoka. Mzee Umuro alikuwa amekataza zaidi ya hapo, nao waliona ni haki.

Siku moja Doyo alisimama kwenye kaunta, mikono imejaa grisi, na hakusema namba.

"Nini?" aliuliza Abiba.

"Nikimtuma mjomba kwa Abba, atafukuzwa?"

Abiba alifuta kaunta iliyokuwa safi.

"Mara ya kwanza atafukuzwa."

"Na ya pili?"

"Ya pili nitakuwa nimepika."

Machozi yalimtoka Doyo, akayafuta kwa mkono wenye grisi, uso ukawa mweusi. Abiba akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, kisha akajilaumu kwa kucheka.

"Doyo, tutaweza kweli? Mimi nikikuona nakumbuka."

"Mimi pia. Lakini nisipokuona nakumbuka zaidi."

Mjomba alifukuzwa mara mbili. Mara ya tatu Mzee Umuro alikubali kwa sharti moja: waende wenyewe Kulamawe kuwaalika watu wa kule, nyumba kwa nyumba. Wakaenda. Wengine waliwapa chai, wengine waliwafungia mlango. Gababo aliwasikiliza akiwa amesimama, akasema amesikia. Kabale hakujibu kitu.

Siku ya harusi uwanja wa Mzee Umuro ulijaa. Abiba alikaa kwenye mkeka, hina mpaka viwikoni, na kila gari liliposimama nje alinyanyua shingo. Wanawake waliingia na vibuyu vya maziwa, kama ilivyo desturi ya kumbariki bibi harusi. Gababo hakuja. Adhuhuri ilipita. Ndipo Kabale akaingia, peke yake, na shuka lake la kila siku, mikono mitupu.

Wanawake walimpisha.

Kabale alitembea taratibu mpaka kwenye mkeka, akainama, akaweka viganja vyake vikavu juu ya kichwa cha Abiba.

"Mtamba niliyepewa bado hajazaa," alisema. "Sina maziwa ya kuleta. Lakini nimekuja. Usiniulize zaidi ya hapo."

Akavua viatu, akaketi pamoja na wanawake wengine, akaomba chai.