Kisasi cha Gauni Jeupe

Ersilia alipigwa risasi siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, katikati ya soko la Porta Portese, Roma, mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Angalau ndivyo ilivyoonekana. Gauni lake jeupe la kitani, alilolishona mwenyewe kwa wiki tatu, lilikuwa limetapakaa wekundu kuanzia kifuani hadi magotini, na miguuni pake palikuwa na bastola.

"Mama yangu! Wameua mtoto wa watu!" muuza vyungu alipiga ukunga.

"Hajafa," alisema muuza soksi akichungulia. "Si huyo amesimama?"

"Wapo wanaokufa wamesimama!"

Ersilia alikuwa amesimama kweli, kikapu cha nyanya mkononi, au tuseme kikapu cha mchuzi. Bastola ilikuwa imeshuka kutoka angani ikatua juu ya nyanya kwa kishindo. Hatua nne mbele yake alikuwepo kijana mrefu mwenye kofia pana ya ngozi, karatasi ya bei bado inaning'inia ukingoni, na kidole chake cha shahada kilikuwa kingali kinazunguka hewani bila kitu.

"Samahani sana, dada. Ilitakiwa izunguke mara tatu, halafu iingie kwenye mkanda."

"Ikazunguka ngapi?"

"Moja na nusu."

"Wewe ni jambazi au mwendawazimu?"

"Kipi kina adhabu ndogo, nichague hicho?"

Watu wakacheka. Ersilia hakucheka, ingawa alilazimika kuuma mdomo.

"Naitwa Settimio," kijana alisema akivua kofia. "Kwenye bango la filamu nitaitwa Tex Barlow, lakini ukiniita hivyo sitageuka. Bado sijazoea."

Mwaka ule wa sitini na sita nusu ya vijana wa Roma walikuwa wachunga ng'ombe wa Marekani kwenye filamu, na wengi wao ng'ombe walimjua kwenye sahani tu. Settimio alikuwa mtunza farasi aliyelipwa kuanguka, miaka miwili anaanguka badala ya watu wenye majina. Kisha Mmarekani aliyesubiriwa awe shujaa wa filamu mpya akaleta telegramu kwamba haji. Mwenye filamu, Pozzilli, aliyeitwa kwa heshima Komendatore, hakutafuta mwigizaji mwingine. Alitafuta mtu atakayeenea kwenye suruali iliyokwisha shonwa. Ikamwenea Settimio. Buti na kofia akaambiwa ajitafutie mwenyewe sokoni. Ndivyo wakubwa walivyo: sifa ni zao, miguu ni yako.

"Filamu ya nini?" Ersilia aliuliza, akikamua upindo wa gauni.

"Kisasi. Baba yangu anauawa, mzee mmoja bingwa wa bastola ananifundisha kupiga, halafu nawamaliza wote."

"Kwa kupiga huku?"

"Mafunzo yanaanza Jumatatu."

Hapo Ersilia alicheka. Akamwambia kwamba na yeye anaishi kwa filamu hizo hizo. "Ninyi mkishapayuka huko jangwani bila kinasa sauti, Mjerumani kwa Kijerumani, Mhispania kwa Kihispania, na wale ambao hawakusoma maneno yao wanahesabu moja mpaka ishirini, filamu inaletwa kwetu bubu. Mimi natazama mdomo unafunguka wapi na unafunga wapi, naandika. Ndipo wenye sauti nzuri wanaingiza maneno."

"Kwa hiyo mdomo haukudanganyi?"

"Jaribu."

Settimio akasogea, akachezesha midomo bila sauti. Alisema: Nipe hilo gauni nilifue mwenyewe. Nitakufulia mpaka tuzeeke.

Uso wa Ersilia ukashindana na nyanya. "Hata jina langu hujui, unataka gauni!"

"Basi anza na jina."

Akampa jina. Gauni hakumpa, lakini Jumapili iliyofuata walikunywa kahawa pamoja, na ile iliyofuata walitembea mpaka mtaa wa Testaccio wakila tikiti maji, mbegu wakitemea mtoni. Kila walipoagana Settimio alimwambia yale yale kwa midomo mitupu, kutoka ng'ambo ya barabara, na hakuna mpita njia aliyejua kwa nini binti yule anatabasamu peke yake. Mwezi ulipokwisha Settimio akapakiwa kwenye treni kwenda Almeria, kusini mwa Hispania, kupiga picha za filamu kwa wiki tano.

Chini ya chumba cha kuingizia sauti alichofanyia kazi Ersilia palikuwa na baa ya Mama Ines, na simu ya baa hiyo ililia kila siku saa sita mchana.

"Haloo, dobi hapa."

"Nguo zimejaa, dobi amepotelea wapi?"

"Dobi ameanguka kutoka kwenye farasi mara nne tangu asubuhi. Wanasema ya tano itapendeza zaidi."

"Maskini! Umeumia?"

"Komendatore ameuliza kama farasi ameumia."

"Chakula je, mpenzi?"

"Asubuhi maharage, kwa ajili ya kamera. Mchana maharage, yale yale ya kamera. Ersilia?"

"Mm?"

"Nitakufulia..."

"Nyamaza we! Mama Ines amesogeza sikio."

"Mama Ines, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu!" Mama Ines aliitikia kwa sauti nyuma ya mtambo wa kahawa. "Kula vizuri!"

Vipande vya kwanza vya filamu vilifika wiki ya tatu. Kila kipande kiliungwa mwisho na mwanzo kikawa pete, kikazungushwa kwenye mashine, picha ikaonekana ukutani mwa chumba chenye giza, tena na tena, mpaka maneno yaingie mdomoni sawasawa. Ersilia alikaa mbele na taa yake ndogo na karatasi. Kwenye kipaza sauti alisimama Mzee Oreste, sweta la kahawia lenye kiraka kiwikoni, sauti kama kokoto kwenye debe. Alikuwa amewasemea majenerali, maaskofu na mabingwa wa bastola thelathini na moja, na hakuna aliyeijua sura yake. Mkewe alifariki mchana ambao yeye alikuwa anamsemea mfalme anayekufa. Habari ilipoletwa, mkubwa wa siku hiyo alimwambia, "Malizia kwanza kipande hiki." Alimalizia. Tangu hapo, miaka tisa, hakusema neno na mkubwa yeyote.

Wiki ya nne likaja onyesho la busu. Settimio kwenye ukuta, mkubwa kama mlango, amemshika kiuno msichana mmoja Mjerumani mwenye nywele za dhahabu na gauni jeupe, tena jeupe kuliko la Ersilia. Akasogeza midomo. Ersilia akaandika alama mbili, kalamu ikasimama.

Nitakufulia gauni lako mpaka tuzeeke.

Pete ikazunguka. Akayasema tena. Mara sita, mara saba, yale maneno aliyodhani ni yake peke yake duniani, yanagawiwa jangwani kama maharage ya kamera.

"Binti, anasemaje?" aliuliza mwandishi wa maneno, kalamu tayari.

Ersilia akafuta macho. Wengine wanalipiza kisasi kwa bastola. Yeye alikuwa na karatasi. "Anasema hivi," alijibu polepole. "Nina njaa. Nipikie maharage."

"Kwenye busu?"

"Ndivyo mdomo unavyokwenda."

Komendatore alikuwa amekaa nyuma na sigara yake. Akapiga paja. "Safi kabisa! Hayo ndiyo mapenzi ya mwanamume wa jangwani! Andika!"

Saa sita simu ikalia.

"Haloo, dobi hapa."

"Kamfulie Mjerumani wako."

"Nani?"

"Nimeyaona, Settimio. Kwa macho yangu, mara saba. Kumbe unayo maneno hayo hayo kwa kila mwenye gauni."

"Ersilia, mpenzi, ngoja, sikiliza, ile ilikuwa..."

"Yalikuwa maneno yangu!"

Akaibamiza simu mpaka vikombe vikatikisika. Ilipolia tena alimwomba Mama Ines ampokelee.

"Amesema amekufa, mwanangu," Mama Ines alisema kwenye simu kwa huruma. "Ndiyo, amekufa hapa hapa, anakunywa kahawa."

Siku mbili aliendelea kufa hivyo. Ya tatu simu haikulia. Baadaye ilijulikana kwamba Komendatore alituma amri ya kufungia simu ya hoteli kabatini, ili waigizaji wasipoteze muda. Ersilia hakulijua hilo. Alijua kimya tu, na kimya kilimuuma kuliko uongo. Shangazi yake alikuwa na duka la nguo mjini Torino, siku nyingi anamwita. Akakata tiketi: Jumapili ya wiki ya tano, treni ya saa nane mchana. Gauni lenye madoa, ambalo hakuwahi kulifua, alilitia chini kabisa ya sanduku.

Alhamisi ya wiki hiyo ya tano waliingiza sauti onyesho la mafunzo. Bingwa mzee anamfundisha kijana kulenga makopo juu ya uzio, na Mzee Oreste alitakiwa kusema mstari mmoja: "Mkono unadanganya, kijana. Tazama macho." Kilikuwa kipande kigumu kwa sababu yule mwigizaji alitafuna tumbaku huku anasema. Oreste akarudia mara kumi na moja.

Tazama macho. Tazama macho.

Mara ya kumi na mbili Ersilia akainuka. "Mzee wangu, naomba nione tena kile kipande cha busu."

"Nilikuwa nangoja uombe," alisema Oreste. "Wiki nzima umenuna kama paka wa mvua."

Wakakizungusha. Safari hii Ersilia alifunika mdomo wa Settimio kwa kiganja chake, kivuli kikaanguka ukutani, yakabaki macho. Yalikuwa yamefumbwa, yamebanwa kabisa, kama ya mtoto anayenyweshwa dawa. Na yule Mjerumani alikuwa anatazama pembeni, mate yamemjaa mdomoni, pengine kwenye meza ya chakula.

"Huyo hamwoni aliye mbele yake," Oreste alisema. "Anamwona nani, mimi sijui. Mimi ni sauti tu."

Ersilia akakaa. Alitaka kuongea na Settimio, lakini hoteli ya Almeria haikupokea. Alipiga mara nne.

Ijumaa likaletwa onyesho la mwisho. Komendatore alikuja na suti mpya ya rangi ya maziwa kulitazama. Makaburini, jua kali, bingwa mzee amekwisha kufa, na Settimio amesimama mbele ya muuaji wa baba yake. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa machache: "Hii ni kwa ajili ya baba." Settimio akafungua mdomo, na hakuufunga kwa karibu dakika nzima. Muuaji, Mhispania mmoja mnene, alisubiri, akajikuna, akamtazama mwongozaji, akasubiri tena.

"Anasema nini huyu?" Komendatore alifoka. "Nimemlipa kwa maneno machache tu!"

Ersilia alikuwa ameshika taa kwa mikono miwili.

"Soma, binti," Oreste alisema.

"Anasema..." Akausogelea ukuta. "Anasema, Ersilia, wamefungia simu. Yule Mjerumani hajui hata neno moja la kwetu. Mwongozaji aliniambia sema lolote la mapenzi, hakuna atakayesikia. Mimi lingine silijui. Nikafumba macho nikakuona sokoni na nyanya zako. Nilijua kipande kitafika mikononi mwako. Nilidhani utacheka. Jumapili saa nne nitakuwa pale pale, uje na gauni, na..."

Akashindwa. Machozi yalifuta ukuta wote. Lakini Mzee Oreste hakutazama midomo ya watu miaka thelathini bure. Alisogea kwenye kipaza sauti, akakohoa, na kwa sauti ya bingwa wa bastola aliyefufuka kaburini akamalizia:

"Na anauliza kama utakubali akuoe."

Pete ikazunguka, Settimio akaanza kuomba upya.

"Akuoe?" Komendatore alisimama, majivu ya sigara yakamwagikia suti. "Kwenye filamu yangu? Mbele ya muuaji? Nitamfukuza! Nitapiga upya!"

"Kwa fedha ipi?" aliuliza Oreste. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkubwa yeyote kwa miaka tisa.

Fedha haikuwepo. Basi mwandishi akaketi mpaka jioni kumtungia shujaa hotuba ya kisasi ndefu kuliko zote zilizowahi kutolewa makaburini.

Jumapili saa nne Porta Portese ilikuwa imefurika. Ersilia alikuja na gauni la bluu lenye maua ya manjano, sanduku mkono mmoja, tiketi mkono mwingine. Settimio alikuwa kwenye bomba la maji la pembeni ya soko, mweusi kwa jua, buti zimepasuka, mikono ya shati imekunjwa. Mbele yake palikuwa na beseni la bati na mche wa sabuni.

"Huyu si ndiye aliyekuua?" muuza soksi alimwuliza Ersilia.

"Ndiye."

"Mmalize!"

Ersilia akafungua sanduku chini pale pale, akalitoa gauni, akamrushia. Lilimfunika uso mzima.

"Nimekufanyia ubaya," alisema. "Kwenye busu unasema una njaa, upikiwe maharage. Mimi ndiye niliyeandika. Itaonyeshwa nchi nzima."

Settimio alichungulia kupitia mkono wa gauni. "Nchi nzima?"

"Na Ujerumani."

"Basi umeshalipiza. Sasa zamu yangu kuuliza, maana kule jangwani sikusikia jibu."

"Ulishauliza. Tena kwa sauti ya Mzee Oreste. Ilinoga kuliko yako."

"Nikamwite aje aulize tena?"

"Anza kufua kwanza, nione."

Alichuchumaa, akasugua. Watu wakakusanyika, muuza vyungu akitoa ushauri wa chumvi, muuza soksi wa ndimu. Doa lilififia likawa rangi ya waridi, likagoma hapo. Ersilia alikaa juu ya sanduku lake, akala tikiti maji, mbegu akimtemea dobi begani. Soko likaanza kukunjwa. Saa ya kanisa ikagonga mara mbili, saa nane kamili, na huko stesheni treni ya Torino iliondoka na kiti kimoja kitupu.

Settimio aliinua gauni kwenye jua, maji yakimtiririka hadi viwikoni. "Halitoki, Ersilia. Nimeshindwa."

"Halitoki leo," alisema Ersilia, akatumbukiza tiketi ndani ya beseni. "Endelea kusugua, mume wangu. Bado hatujazeeka."