Glasi ya Heri Iliyotaka Kumfukuza Mwalimu Mkuu

"Nargiza, alaverdi kwako! Simama umalizie!"

Jamani... nikabaki na glasi mkononi.

Meza nzima ilinigeukia. Bwana Jumber, mwenyekiti wa bodi ya shule anayosoma mwanangu, alikuwa amesimama na glasi ya divai, anatabasamu kama baba anayeoza binti.

"Tunywe kwa heri ya Mwalimu Irine!" ndivyo alivyosema. "Mungu ampe afya na mapumziko marefu, kuanzia leo! Na funguo za ukumbi anikabidhi mimi, kesho vijana wacheze ngoma!"

Mmeelewa hapo? Ile haikuwa dua. Alikuwa anamfukuza mwalimu mkuu kazi, mbele yake, huku akimwombea afya njema!

Na aliyetakiwa kukamilisha nilikuwa mimi.

Ngojeni niwaeleze.

Shule yetu hapa Kutaisi, Georgia, si ya serikali, waliianzisha wazazi. Bodi ndiyo inamwajiri mwalimu mkuu. Mimi niliishia darasa la sita, miaka ile ya vita. Wazazi wenzangu walinichagua kuingia bodi kwa sababu naoka mkate wa jibini mzuri na sina maneno.

Na bodi yetu haijawahi kunyoosha mikono kupiga kura. Tunakula! Bwana Jumber ndiye mkuu wa meza siku zote. Anasema jambo, anampa mtu alaverdi, yaani zamu ya kumalizia maneno yake, wote tunakunywa... limepita.

Nani akatae? Huku kwetu ukikataa glasi ya heri ya mtu, umemtakia kaburi.

Sasa sikilizeni kilichonitia hofu.

Wiki ile Tekle wangu alirudi nyumbani kichwa cheupe kama bibi kizee.

"Umecheza na chaki wewe?"

"Hapana, mama. Darasani kwetu kunanyesha unga."

"Unga gani?"

"Kaka wakubwa wakiruka kule juu, unadondoka."



Juu ya darasa la Tekle ndipo ulipo ukumbi wa ngoma. Mnajua ngoma za wavulana wetu? Wanaruka, wanatua kwa magoti, wanakanyaga sakafu kama wana ugomvi nayo. Na ghorofa hiyo iliongezwa juu ya jengo la zamani. Aliyejenga ni mkwe wa Bwana Jumber.

Nilikimbia kwa Mwalimu Irine. Hakubisha. Alinipandisha ukumbini akanionyesha ufa. Nilitumbukiza kidole... kikaingia chote.

Siku hiyohiyo alifunga ukumbi kwa kufuli.

Weee! Mji ulichafuka!

"Mwalimu gani anakataza watoto ngoma?"

"Huyo ni Mgeorgia kweli, au kaletwa?"

Na sherehe ya shule ilikuwa Jumatatu, wageni wamealikwa mpaka kutoka Tbilisi. Ndiyo maana Jumapili mchana Bwana Jumber akatuita nyumbani kwake "tule kidogo."

Kwa hiyo rudini na mimi pale mezani. Nikinywa, Irine hana kazi. Funguo ni za Jumber. Kesho vijana wanakanyaga, na mtoto wangu yuko chini yao anaandika imla.

Mwalimu Irine mwenyewe alikaa mbele yangu, amekumbatia mkoba wake.

"Dada Nargiza, divai inachacha!" Gocha, daktari wa meno, akanitania. Watu wakacheka.

Bwana Jumber akainama sikioni kwangu, bado anatabasamu.

"Tekle anasoma bure, mama. Na nafasi ya bure hutolewa na bodi. Au umesahau?"

Nilifikiria kunywa, nisiwafiche. Nikafikiria kichwa kile cheupe.

Nikaiweka glasi mezani.

Glasi za wenzangu zikabaki hewani.

"Nargiza!" Gocha hakucheka tena. "Unakataa heri ya mtu?"

"Sinywi."

"Unamtakia mabaya Mwalimu?"

"Namtakia abaki kazini! Sakafu ya ukumbi imepasuka. Mwanangu yuko chini yake. Bwana Jumber, wajukuu wako wanasoma upande gani?"

"Jengo jipya," mtu akajibu taratibu kutoka mwisho wa meza.

Bwana Jumber uso ukawa mwekundu kama bitiruti.

"Mwanamke wa kuoka mikate leo amekuwa fundi wa majengo! Ni vumbi! Nyumba gani haina vumbi?"

"Vumbi halina shimo la kuingiza kidole, baba."

Hapo nikadhani nimeshinda. Nikamgeukia Mwalimu Irine.

"Mwalimu, waambie! Waambie ulichonionyesha!"

Akaukumbatia mkoba kwa nguvu zaidi.

Bwana Jumber akaanza kucheka. Kile kicheko, ndugu zangu, mpaka leo nakiota.

"Ndiyo, Irine, waambie. Halafu mwambie na mama huyu umejua lini."

"Lini?" nikauliza.

Irine akaanza kukunja kitambaa cha meza.

"Mwalimu... lini?"

"Tangu mavuno ya zabibu," akasema, macho kwenye sahani.

Jamani! Mavuno ya zabibu ni vuli. Na sisi tulikuwa tunaelekea Pasaka!

"Fundi mmoja aliniambia, nikaipeleka habari kwenye bodi," akaendelea. "Bodi ikasema tungoje sherehe ipite, wazazi wakisikia watatoa watoto, shule itakufa. Nikanyamaza. Ulipokuja na habari ya unga nikaogopa, ndiyo nikafunga."

"Bodi gani? Mimi si niko bodi? Mbona sikusikia?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ulikuwa jikoni, Nargiza. Tuliinywea hiyo wakati unatoa mikate kwenye tanuri."

Nilikaa.

"Na Tekle? Majira yote ya baridi ulimwacha pale chini?"

"Nilisogeza madawati upande wa dirisha..."

Madawati! Alisogeza madawati!!

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama barabarani bila koti, napiga simu kwa kila mzazi ninayemjua, nalia, najirudia kama kasuku: "Kesho usimpeleke. Usimpeleke. Usimpeleke."

Asubuhi tulijaa getini. Wengine walikuja kunitukana, eti nimeharibu sherehe. Lakini hakuna aliyemwingiza mtoto. Mhandisi wa mji tuliyemwita alipanda na tochi, akashuka jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Kule juu msipandishe hata paka," akasema.

Wale waliokuja kunitukana ndio waliolia kwa sauti kubwa zaidi.

Bwana Jumber ameondoka kwenye bodi. Mwalimu Irine naye ameondoka, na wapo wanaonilaumu kwa huyo, eti alikuwa mtu mwema. Alikuwa mwema, sikatai. Mwema aliyeogopa waajiri wake kuliko alivyoogopea watoto wetu. Mimi mwenyewe, kama Tekle angerudi kichwa safi, ningekuwa bado naoka.

Mama mwenzangu unayesoma hapa, usimtazame mwenyekiti kwa fedha zake wala mwalimu mkuu kwa upole wake. Bodi ikutane kwenye chumba chenye viti, watu wanyooshe mikono, na kilichoamuliwa wazazi wote wakisikie. Ukichaguliwa wewe, kaa mezani. Wakikuagiza chai, waambie wajichemshie.

Bodi ya shule ya mwanao ilikutana lini mara ya mwisho? Iliamua nini?

Hujui, eeh?

Kesho kaulize. Kabla ya kengele.