Vitufe vya Costansia

Anayesema rafiki yangu Costansia aliota haya, aende kwake Kaisho akamwambie usoni. Haoni, naye alitaka kompyuta yenye mfumo wa Linux imsomee kwa sauti. Fundi alimcheka: "Kipofu na Linux, wapi na wapi?"

Akaiweka Linux mwenyewe. Kompyuta ikawa bubu siku nyingi, mpaka jioni moja ikasema. Kila kitufe alichobonyeza, ikakitaja. Akapiga makofi, peke yake, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Akiwa bado anapiga makofi, vitufe vikaanza kubonyezwa. Kompyuta ikavitaja taratibu, herufi kwa herufi, hadi jina lake likatimia.

"Toa mikono!" akafoka. "Sauti hii nimeihangaikia mimi. Subiri nimalize barua yangu!"

Akaandika barua yake mpaka nukta ya mwisho, akaondoa vidole.

Vitufe vikalia tena. Kompyuta ikasoma: "Umemaliza?"