Vidonge vya Jumapili

Kila mwisho wa mwezi Chiriku alimsindikiza mama yake kliniki ya presha. Majirani walimpa jina hilo kwa wingi wa maneno, lakini siku hiyo hata yeye alikuwa hoi. Walikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Mama, mshonaji wa kiwandani, alikuwa amejiinamia, shingo imekakamaa kwa wiki nzima ya cherehani.

"Humo ndani ufunge mdomo," alimwonya. "Daktari hafundishwi kazi."

Daktari naye alikuwa amechoka. Alimpima mama, akatazama mashine, akampima tena.

"Presha imepanda, mama. Dawa unakunywa kila siku?"

"Nakunywa, daktari."

"Basi haitoshi. Nitaongeza dozi."

"Sawa, daktari."

Chiriku aliijua siri. Vidonge vilikuwa vimejaa tele nyumbani kwenye droo ya nyuzi. Mama alimeza Jumapili tu, kwa sababu vilimpeleka msalani kila mara, na kiwandani msimamizi aliruhusu kutoka mara mbili tu kwa zamu. Chiriku alimwogopa mama yake, ila aliogopa zaidi kumpoteza.

"Mama, mwambie habari ya msalani," alinong'ona.

Mama alimkata jicho. Daktari akaacha kuandika.

"Msalani kuna nini?"

Mama alieleza yote, macho sakafuni. "Nilidhani utaniona mkaidi," alimalizia.

"Kumbe nilikuwa naongeza dawa usiyoinywa," daktari alisema taratibu. "Siku ungeimeza dozi hiyo kubwa, presha ingeshuka ghafla ukaanguka. Mama, mimi naijua dawa, lakini siku yako unaijua wewe. Usiponiambia, nabahatisha. Sasa, unaweza kumeza hivi ukitoka kazini, ila huenda vikakuamsha usiku. Au nikubadilishie, ingawa hiyo nyingine huvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Unaonaje?"

Mama aliinua macho. Miaka yote ya kliniki, hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje.

"Usingizi wenyewe haunitoshi," alisema. "Nibadilishie. Miguu nitaiangalia."

"Vizuri. Urudi baada ya wiki mbili tupime."

Nje, Chiriku aliungojea ukali.

"Umenitia aibu," mama alisema.

"Nisamehe, mama."

"Heri aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukirudi nitasema mwenyewe." Akamshika mkono. "Nikinyamaza, nifinye."